Mtaa wetu jirani na chuo "unaendelezwa upya": mliopitia haya, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, kwenye mtaa mmojawapo wa hii inayopakana na chuo. Sitautaja, maana mwenyekiti wetu naye anapitapita humu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili tuliitwa uwanja wa shule ya msingi. Ukutani wamebandika mchoro mkubwa wa rangi rangi. Vijana wa mipango miji wakaeleza, na kusema kweli walieleza vizuri: barabara pana, hosteli za ghorofa, eneo la biashara, bustani, maegesho. Neno "shirikishi" lilitajwa mpaka likachakaa.

Watu walipopungua nikamsogeza mama karibu na ule mchoro tutafute nyumba yake. Nyumba zilizopo hawakuzichora kabisa. Ila ule mfongo, mfereji wa maji unaopita nyuma ya choo chetu, walikuwa wameuweka, kamstari ka bluu, kwa hiyo nikaanzia kwenye kona ya mfongo nikahesabu. Kidole kikaangukia kwenye MAEGESHO. Mama akauliza, "Wanaegesha nini?" Nikamwambia magari. Akasema, "Ya nani?"

Sikuwa na jibu.

Nyumba ina vyumba vinane, saba wamepanga wanafunzi. Boom, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka tunalipwa, likichelewa tunavumiliana, ndiyo maisha yetu tangu mzee afariki. Hati hatuna. Tuna karatasi ya mauziano ya 1987 iliyoandikwa kwa mkono, ina dole gumba la muuzaji na sahihi ya balozi, enzi hizo huku ni mashamba ya mahindi.

Sijaja kulaumu mtu. Nataka kusikia kwa mliopitia: mlifanya nini kabla mthamini hajafika, na nini mnajutia mpaka leo? Wanasheria karibuni, ila msituogopeshe na vifungu.

Dada wa Sakina

Pole kaka. Nianze na swali: hiyo karatasi ya 1987 ina jina la nani? Kama ni la baba yako, acha mambo ya mchoro kwanza ukashughulikie mirathi.

Sisi yetu ilikuwa Arusha. Mzee aliacha nyumba na watoto wanne. Mimi nilikuwa Dar, kaka Mwanza, wadogo zetu wawili wameolewa. Nyumbani alikuwa anakaa mtoto wa shangazi, tena tulimweka sisi wenyewe alinde. Siku ya tathmini wakamkuta yeye. Wakampa kaubao kenye namba ya chaki akashike mbele ya nyumba, wakampiga picha. Kwenye fomu, sehemu ya jina, akaandika lake. Hata simlaumu sana, aliulizwa "wewe nani?" akajibu.

Ile picha imetutoa jasho. Kwenye daftari la malipo yupo yeye, sisi ni watu tunaojitokeza baadaye kudai. Tukaanza kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, mahakama ya mwanzo, tangazo, kusubiri siku za pingamizi. Na kweli shangazi akaleta pingamizi! Shangazi aliyenilea. Pesa ilikuja kutoka, lakini mpaka leo Krismasi hatuli meza moja.

Kwa hiyo kaka, mama yako ateuliwe msimamizi wa mirathi kabla kaubao hakajafika mtaani. Kakishafika ni vita.

Mleta mada

Dada umenishika pabaya. Mirathi hatujafungua, mwaka wa sita huu. Tulikuwa tunaona ni kama kumkimbiza mama.

Kauntabuku

Mimi sikuwa na nyumba, nilikuwa na sufuria. Nimeuza ugali, makande na mtori mbele ya geti la chuo miaka kumi na moja, kwenye kibanda cha kupanga. Eneo lilipochukuliwa, mwenye kibanda alifanyiwa tathmini. Na mimi niliambiwa nina haki, kwamba mwenye biashara anafidiwa faida anayoipoteza, faida ya mwezi mara 36. Nikapiga hesabu kichwani nikaona nimeshajenga.

Kisha kijana wa tathmini akasema, "Mama, tuletee hesabu za biashara."

Nikamletea kauntabuku. Ndani kuna majina: Juma wa chumba cha tatu wali nusu, Neema chai na chapati mbili, yule mrefu anayevaa miwani atalipa Ijumaa. Miaka kumi na moja ya biashara yangu iko mle, na yote ni madeni! Kijana aliifunga polepole akanirudishia kwa mikono miwili. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 ninacho pia, nikamtolea, akasema hiki kinaonyesha upo, hakionyeshi unapata ngapi.

Niliondoka na sufuria zangu. Wenye vibanda, mafundi simu, wenye steshenari, anzeni leo kuandika mauzo na matumizi kila siku, mtunze risiti za manunuzi, leseni ya biashara iwe hai. Anayeogopa kodi aogope na hili.

Chumba Namba Tano

Naomba nitofautiane kidogo, msinirushie mawe.

Nimesoma chuo kimoja hukohuko Moshi, nikapanga mtaani miaka mitatu. Watu kumi na wanne, choo kimoja. Maji ya ndoo. Kichochoro cha kuingia kwetu bajaji inapita kwa kuomba. Usiku mmoja geto la jirani likashika moto, jiko la umeme na pazia. Gari la zimamoto lilifika, hilo nawapa. Likasimama kwenye lami. Tuliona taa zake zinazunguka kwa mbali, na sisi tunapokezana ndoo kutoka kwenye mfongo. Vyumba vitatu viliisha, hakufa mtu, jamaa mmoja alibaki na kitambulisho cha chuo na kandambili.

Kwa hiyo mtu akisema mtaa upangwe, barabara zipite, mimi nanyoosha mkono. Nyie wenye nyumba mlijenga mpaka kwenye kiwambaza cha jirani ili mpate chumba cha nane. Mkiambiwa maegesho mnashangaa ya nani, lakini kile kichochoro kilikuwa cha nani?

Mleta mada

Mkuu hapo umenipiga penyewe. Chumba cha nane kwetu kipo, na kimekula njia, kweli. Kupinga kupangwa sipingi, naulizia mama atakuwa wapi watakapokuwa wanapanga.

Mtu wa Makaravati

"Ya nani?" Mama apewe kipaza sauti mkutano ujao. Nafuatilia.

Meku Mstaafu

Wanangu, nasoma naona mnaongelea nyumba na vibanda. Hakuna aliyetaja makaburi.

Kihamba chetu, shamba la ukoo, kilikuwa pembeni ya mji, mji ukatufuata mpaka mlangoni. Walipokuja kupima, mipaka yetu ilikuwa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, kama ya baba na babu. Mchagga yeyote ukimwonyesha mstari wa masale anajua hapa nisivuke. Kijana wa upimaji akagongea bikoni, nguzo ya mpaka, hatua moja ndani ya masale, upande wangu. Nikamwambia umekosea. Akasema chombo hakikosei. Kesho yake asubuhi masale ya upande ule yamekwisha kung'olewa, nami namjua aliyeng'oa, na tulizika pamoja mwaka ule ule. Jani la isale ndilo watu wanaombea msamaha. Sasa aling'oa, aje kuniomba na nini?

Yakaja makaburi. Wakahesabu matatu, yenye zege na msalaba. Nikawaita, nikatembea nao kwenye migomba na fimbo yangu: hapa yupo mama wa baba, hapa watoto wawili wa kaka yangu, hapa mzee mwenyewe mwenye kihamba. Ya kale hayana zege, yana isale tu, na mengine hata isale limekufa. Wakaandika saba. Nisingetoka na fimbo siku ile wanne wangelala chini ya hosteli. Kuhamisha makaburi kuna sheria yake tangu 1969, si jambo la katapila na kufukia. Ndugu mnapaswa kujulishwa na gharama si zenu.

Na wewe uliyeanzisha, huo mfongo waulize unakwenda wapi. Sisi wetu waliufunika kwa barabara. Masika ya kwanza maji yakaja kuutafuta, yakaupata sebuleni kwangu.

Tepu na Kalamu

Nimefanya tathmini za fidia miaka kadhaa, nitasema machache bila kutaja niliko.

Kwanza, mchoro si utwaaji. Kubandika mchoro ukutani hakumhamishi mtu. Rasimu inatakiwa iwekwe wazi, watu waone, watoe pingamizi. Mengi ninayoyasikia mitaani yanatoka mdomoni, na mdomo hauna muhuri. Andikeni barua, mgongewe nakala kwamba imepokelewa, mbaki nayo. Ulizeni siku ya mwisho ya kupokea pingamizi ni lini na mpango wenyewe unaendeshwa chini ya nini: ni urasimishaji, ambapo kila mtu anachangia njia na kubaki, au ni utwaaji, ambapo mnalipwa na kuondoka? Ni mambo mawili tofauti kabisa na wananchi wengi wanachanganya. Bila jibu la hapo, kikao kizima mnabishana juu ya kitu msichokijua.

Pili, kama ni kuondoka, hulipwi matofali peke yake. Kuna thamani ya ardhi, ya jengo, miti na mazao (kahawa, parachichi, hata migomba inahesabiwa kwa mashina), posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mara 36, na posho ya usafiri inayopigwa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Nyumba isiyokaliwa hakuna usafiri wala makazi. Ndiyo maana wale waliofunga nyumba wakahamia Dar huwa wanalia.

Tatu, fidia inatakiwa iwe ya haraka. Ikipita miezi sita bila malipo, riba inaanza. Ikipita miaka miwili, ile tathmini imekufa, irudiwe upya. Shikeni tarehe. Nimeona watu wanasubiri miaka wakidhani kusubiri ni nidhamu.

Nne, msipande miti usiku. Tunajua. Mparachichi wa wiki mbili hauwezi kuwa na kivuli.

Kota

Kwa upande wa matumaini: huku Dar kuna Magomeni Kota, kaya 644 zilihamishwa, zile nyumba za zamani zikavunjwa, eneo likakaa tupu miaka mpaka watu wakaanza kulifanyia utani. Ghorofa zikaja kuzinduliwa 2022 na wale wa mwanzo wakapewa nafasi. Kwa hiyo inawezekana mkaazi kurudi palepale. Lakini walikuwa na orodha, na walifuatilia orodha yao miaka yote ile bila kuchoka. Nyie mtaani kwenu mnayo orodha ya nani anakaa nyumba ipi, mwenye nyumba na mpangaji? Msiisubiri ya ofisini. Piteni wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Dada wa Sakina

Hii ya orodha ni muhimu. Na mpige picha kila chumba, choo, kisima, mti. Sisi kisima kilisahaulika kwa sababu kilikuwa na mfuniko na juu yake wameanika kunguru... samahani, kunde. Simu hii.

Mtu wa Makaravati

Kunguru nao walipwe posho ya usafiri.

Mleta mada

Mrejesho, wakuu.

Juzi nimezunguka mtaa na binti mmoja mpangaji wetu, anasoma mambo ya ushirika, ana mwandiko mzuri. Tumeandika nyumba 43. Nyumba 11 tu ndizo zenye karatasi yenye jina la mtu aliye hai. Nilivyoisoma hiyo mbele ya mwenyekiti alikaa chini. Kumbe na yake imo kwenye zile nyingine.

Barua tumepeleka, nakala imegongwa muhuri. Tumeuliza maswali matatu: ni urasimishaji au utwaaji, pingamizi mwisho lini, na mfongo unaelekea wapi. Kichochoro tumekubaliana wenyewe kila mmoja arudi ndani kidogo, hata wakisema mpango umefutwa. Chumba cha nane nakivunja mimi, mwanafunzi wake ameshahamia kwa jirani. Chumba Namba Tano, usinicheke.

Mama mwanzoni aligoma habari ya mirathi. Nikamsomea stori ya kaubao. Akanyamaza, akaenda jikoni, akarudi na cheti cha kifo kwenye mfuko wa nailoni, kumbe alikuwa nacho tayari kwenye debe la unga.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Baba mdogo ameshapiga simu mara mbili kutoka Himo. Anauliza kwenye zile tani 12, yeye zake ni ngapi.