Naomba ushauri: picha ya Mtakatifu Yeronimo, nianzie wapi?

Wakuu, habari. Naandaa mazungumzo na vijana wa parokia kuhusu picha ya mchoraji Mwitaliano Antonello da Messina, Mtakatifu Yeronimo akisoma chumbani kwake, iliyochorwa mnamo 1475 na sasa iko National Gallery, London. Ni ndogo mno, haifiki hata nusu mita kwa urefu.

Simba aliye pichani hanisumbui: ni kile kisa cha Yeronimo kumchomoa mwiba mguuni. Tausi naye, watu wa kale waliamini nyama yake haiozi, ndiyo maana akawa ishara ya uzima wa milele. Kinachonitatiza ni mpangilio. Mchoraji katuweka nje ya tao la mawe, tunachungulia kama majirani. Mistari ya vigae inavuta macho hadi kwa mtakatifu mwenye joho jekundu. Halafu simba kasukumwa kivulini upande wa kulia, huku beseni la shaba likiwekwa mbele kabisa! Beseni hilo ni ishara ya usafi wa moyo, au fundi alionyesha tu ustadi wake wa rangi za mafuta? Mimi naegemea yote mawili.

Je, nianze na alama au mpangilio? Na yule paka aliyejikunja karibu na vyungu, ana maana yoyote au nimwache alale?