Rifleksiviti: maneno kuhusu kitu yakishaingia ndani ya kitu chenyewe, tunabaki kujua nini?

msomaji_wa_usiku

Wakuu habari za jioni. Siku hizi nasoma mawazo ya mwekezaji George Soros, sio zile habari za utajiri wake, nazungumzia falsafa yake aliyoiweka kwenye kitabu cha 1987, ile anayoiita rifleksiviti. Kwa nilivyomwelewa, mtu akiwa sokoni au kwenye siasa anafanya kazi mbili kwa mpigo, anajaribu kuielewa hali na papo hapo anaisukuma kwa kile anachofanya, sasa hali yenyewe haikai ikamsubiri amalize kuielewa, inasogea kwa sababu yake yeye na wenzake, na wao wanabadili mawazo kwa sababu imesogea, inazunguka hivyo hivyo. Soros alisoma London School of Economics na akamheshimu sana mwanafalsafa wa sayansi Karl Popper wa pale pale, ila hapa wanaachana njia, maana Popper aliona utaratibu wa sayansi ni mmoja kwa nyota na kwa binadamu, Soros anasema kwa binadamu haiwezekani.

Maswali yangu sasa. Hili wazo ni lake kweli au kuna waliomtangulia? Na la pili ndo linaninyima usingizi: kama kila anayeongea kuhusu uchumi anakuwa ameshausukuma, mchumi anajua nini hasa? Au wote wanasukuma tu na mwenye sauti kubwa ndo anashinda?

mzee_wa_maktaba

La kwanza ni jepesi kijana, walishamtangulia wengi. 1928 wanasosholojia W. I. Thomas na Dorothy Swaine Thomas kule Marekani waliandika kwamba watu wakiichukulia hali fulani kuwa ya kweli, basi matokeo yake yanakuwa ya kweli. 1948 mwanasosholojia mwenzao Robert K. Merton akalichukua hilo akalijengea nyumba nzima, utabiri unaojitimiza wenyewe, na akaonyesha kwamba ni jambo la binadamu peke yao kwa sababu wanaanga wakitabiri kimondo cha Halley kitarudi lini, kimondo hakibadili njia kwa kuwa kimetabiriwa. Popper naye alikuwa na jina lake, athari ya Oedipus, akimtaja yule wa hadithi za Wagiriki ambaye utabiri ndio uliosababisha yote yaliyotabiriwa.

Watu wengi wakimtaja Merton wanasimulia ile benki yake ya mfano ya mwaka 1932 iliyouawa na uvumi, wanaishia hapo. Mimi naona pazito ni pengine, kwenye vyama vya wafanyakazi. Wazungu wa Marekani waliokuwa kwenye vyama walisema weusi hawafai kuwa wanachama, wanakubali mishahara ya chini na wanaingia kazini wenzao wakigoma, kwa hiyo wakawafungia mlango. Sasa mtu katoka kusini baada ya Vita vya Kwanza, ana njaa, chama hakimtaki, mgomo umetokea na mwenye kiwanda anamwita kazini, atakataa kwa ajili ya nani? Anaingia. Wanachama wanasema mnaona, tuliwaambia. Na kweli, ungesimama pale getini ungewaona kwa macho yako wanaingia, ushahidi sio wa uongo hata kidogo, ila umetengenezwa na lile katazo lenyewe. Merton anasema vyama vilipoanza kuwapokea, huo ushahidi ukayeyuka. Hapo ndipo naona rifleksiviti ina uzito, kuliko hata kwenye hisa.

mama_kaunta

Niongezee kwenye hiyo ya benki maana nilikaa kaunta mpaka nikastaafu. Ilikuwa tawi la mji mdogo, benki siitaji. Uvumi ulianzia gulio, sijui nani alisema nini, asubuhi tunafungua mlango kuna watu wengi kuliko siku ya mshahara na wote wanajaza fomu za kutolea, hakuna hata mmoja mwenye fomu ya kuweka. Sisi kila kaunta ina kikomo cha pesa, ukiishiwa unamwomba mwenye funguo za hazina akuletee, sasa ile kuinuka tu kwenda kuomba, watu wanakuangalia, wa mbele anamgeukia wa nyuma anasema zimeisha. Hazijaisha! Naenda kuchukua zingine. Lakini foleni imeshatoka nje mpaka barabarani na anayepita na baiskeli anasimama kuuliza kuna nini.

Ninachotaka kusema ni kwamba wale watu hawakuwa wajinga. Nilimuuliza mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi, baba, na wewe umeamini? Akanijibu mwanangu, mimi siamini, ila hawa wote wakitoa na mimi nikabaki, nitakuta nini kesho? Ndio hivyo, na hesabu yake ilikuwa sahihi, kwa sababu benki yoyote duniani pesa za amana imezikopesha, haizihifadhi zote pale ndani. Kwa hiyo mtu hahitaji kuuamini uvumi, inatosha aamini kwamba wengine wameuamini.

namba_kwanza

Shikamoo mama, hilo la mwisho limekaa sawa kabisa. Ila wakuu naomba nipinge kidogo huu upepo maana naona tunaelekea kusema imani ndo kila kitu.

Chukua huyo huyo Soros na pauni. Uingereza iliingia kwenye mfumo wa viwango vya sarafu vya Ulaya Oktoba 1990, yaani serikali inaahidi sarafu yake haitashuka sana chini ya kiwango kilichokubaliwa, na kiwango chenyewe kilikuwa pauni moja kwa mark 2.95 za Ujerumani. Ujerumani wakati huo imetoka kuungana, benki kuu yao imepandisha riba kuzuia mfumuko wa bei, Uingereza uchumi umedorora unataka riba ishuke lakini haiwezi kushusha kwa sababu pauni itaanguka. Hiyo ilikuwa nyufa ya kweli, haikutengenezwa na mdomo wa mtu. Tarehe 16 Septemba 1992 wauzaji wakaivamia pauni, serikali ikapandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12, ikatangaza itafika 15, jioni ikanyanyua mikono ikatoka kwenye mfumo, na mfuko wa Soros ukavuna kama dola bilioni 1. Sasa jiulize, kama nyufa isingekuwepo angeisukuma nini?

Na upande wa pili kuna Hong Kong. Agosti 1998 walanguzi walijaribu mchezo wa aina hiyo hiyo kwa sarafu na hisa za kule, mamlaka ya fedha ya kule ikaingia sokoni ikanunua hisa za thamani ya dola za Hong Kong bilioni 118, walanguzi wakaondoka na hasara. Hata hapo Kenya, Chase Bank ilipowekwa chini ya usimamizi Aprili 2016 watu walilaumu mitandao ya kijamii, na kweli wateja walikimbilia kutoa baada ya habari kusambaa, lakini habari zenyewe zilihusu hesabu ambazo benki ilikuwa imezirekebisha na mikopo ya watu wa ndani ambayo haikuonekana vizuri mwanzoni. Uvumi ulikuta mahali pa kuingilia.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: mchumi anajua kuna nyufa wapi. Ni siku gani itapasuka hajui, na asidanganye watu kwamba anajua.

msomaji_wa_usiku

Mkuu namba, na Mario Draghi utamweka wapi? Tarehe 26 Julai 2012, akiwa rais wa benki kuu ya Ulaya, alisema benki hiyo itafanya chochote kitakachohitajika kuiokoa euro, Septemba wakatangaza mpango wa kununua hatifungani, yaani hati za mikopo, za nchi zilizobanwa, riba za Hispania na Italia zikashuka, na kwa mpango ule hawajawahi kununua hata hatifungani moja. Nyufa zilikuwepo, madeni yapo pale pale, maneno yakafanya kazi.

namba_kwanza

Maneno ya mtu mwenye uwezo wa kuchapisha euro mkuu. Mimi na wewe tukisema hayo hayo hakuna riba itakayoshuka. Ila nakubali ni mfano mgumu kwangu, kwa sababu nyufa ya Italia kwa sehemu ilikuwa ni hofu yenyewe: riba ikiwa kubwa deni halilipiki, deni lisipolipika riba inakuwa kubwa, ukiondoa hofu deni lile lile linalipika. Hapo huwezi kutenganisha kitu na kinachosemwa juu yake.

dodoso_mkononi

Mimi natoka upande wa utafiti wa jamii na naona uzi umekaa sana kwenye pesa. Pesa zinazunguka haraka, dakika tu unaona matokeo. Kuna mzunguko mwingine wa polepole, unachukua vizazi, na ndio mwanafalsafa wa Kanada Ian Hacking aliushughulikia: ukishawapa watu jina na fungu, wao wanajua wamepewa, wanaanza kuishi ndani yake au kupigana nalo, kisha anayewaainisha analazimika kubadili maelezo kwa sababu watu aliowaeleza mwanzo sio hawa tena. Jiwe ukiliita kwa jina lolote halina habari.

Mfano upo nyumbani. Waingereza Tanganyika, hasa kuanzia 1926 chini ya gavana Donald Cameron, walitaka kutawala kupitia machifu na makabila, wakaamini kila Mwafrika ana kabila lake lenye mipaka na mkuu wake. Sehemu nyingi mambo hayakuwa hivyo, watu walijitambulisha kwa ukoo, kwa eneo, kwa mtemi huyu au yule. Lakini kama mahakama, shule na kodi vinapita kwenye kabila, basi mtu mwenye akili anajenga kabila. Mwanahistoria John Iliffe aliliandika hili 1979, kwamba wakoloni walikosea kudhani yapo tayari, na Watanganyika wakayaunda ili waweze kuishi ndani ya ule utawala. Kenya nako jina la Mijikenda na lile la Kalenjin yameshika kasi miaka ya 1940, na hayo wenyewe ndio walioyabeba, yakawapa sauti ya pamoja mbele ya serikali. Leo nenda kamwambie mtu kabila lake sio la kweli uone. Ni la kweli, watu wanaoa, wanazika na wanapiga kura kwa hilo. Na Rwanda tunajua, Wabelgiji miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye kitambulisho, na 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho hicho ndicho kilichoamua nani afe.

Halafu kuna sisi watafiti wenyewe, na hili ndilo alilolisisitiza sana mwanasosholojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu, kwamba anayechunguza naye yumo ndani ya kinachochunguzwa. Nimeingia kaya nyingi na dodoso. Unashuka kwenye gari lenye nembo mlangoni, unamuuliza mama mnakula milo mingapi kwa siku, anaangalia gari kwanza ndio anajibu mmoja. Nyuma yake sufuria ya mchana iko jikoni inafuka. Hakusema uongo kwa ubaya, mradi uliopita ulianza na swali hilo hilo na waliojibu mmoja walipewa mbuzi. Kwa hiyo jibu lake ni taarifa sahihi kabisa, ila ni taarifa kuhusu miradi, sio kuhusu chakula. Siku hizi naandika kwenye daftari nilikuja na gari gani, nilikuwa na nani, mwenyekiti wa mtaa alikaa umbali gani wakati wa mahojiano. Wasimamizi wengine wanaona napoteza muda. Mimi naona bila hayo zile namba hazisomeki.

mzee_wa_maktaba

Dada umenena. Na hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili la kijana, kwamba rifleksiviti haifuti kujua, inaongeza kitu kimoja cha kuchunguza, nacho ni sisi wenyewe na maneno yetu.

Nirudi benki kidogo kumalizia. Merton hakuishia kulalamika, alisema mzunguko unaweza kukatwa kwa taasisi, na akataja bima ya amana ya Marekani iliyokuja baada ya 1933. Ukiijua hesabu ya yule mzee wa mama_kaunta utaona kwa nini inafanya kazi: kama pesa yangu nitalipwa hata benki ikifa, sina sababu ya kuwakimbilia wenzangu. Benki ya Northern Rock kule Uingereza Septemba 2007 bima ililipa pauni 2,000 za kwanza zote na asilimia 90 tu ya 33,000 zinazofuata, ndo maana watu walipanga foleni mitaani. Tarehe 17 serikali ikasema amana zote zimedhaminiwa, foleni zikaisha.

namba_kwanza

Na Silicon Valley Bank 2023 sehemu kubwa mno ya amana ilikuwa juu ya kikomo cha dola 250,000, ndo maana tarehe 9 Machi peke yake watu waliomba kutoa dola bilioni 42, kwa simu tu, hakuna foleni ya kuonekana. Na nyufa ilikuwepo, hatifungani zilishashuka thamani riba zilipopanda. Sijaachia hoja yangu.

mama_kaunta

Usiachie mwanangu, nyufa zipo kweli. Ila hiyo bima inakata mzunguko kwa mtu anayejua kwamba ipo. Siku ile kwetu tangazo la bima ya amana lilikuwa limebandikwa ukutani pembeni ya saa, kwa maandishi madogo, na sikumsikia hata mteja mmoja akiliulizia. Kwa wanaosoma hapa, Tanzania kikomo sasa ni shilingi 7,500,000 kwa mteja kwa benki, Kenya ni 500,000. Waambieni wazazi wenu, hasa wale wenye akaunti moja ya kiinua mgongo.

msomaji_wa_usiku

Shikamoo mama na asante sana wote. Dada dodoso, huo utaratibu wako wa daftari, kuna namna unaingia kwenye ripoti yenyewe au unabaki kwako? Maana naandaa dodoso la utafiti wa chuo na nitakuwa nafikishwa vijijini na gari la halmashauri.

dodoso_mkononi

Uingize kwenye ripoti, sura ya mbinu, aya nzima. Na hilo gari liache mbali, ingia kijijini kwa miguu, halafu nusu ya kaya mwulizaji awe mtu wa hapo hapo uliyemfundisha. Linganisha majibu ya pande mbili kabla hujaandika neno lolote kuhusu milo.