Mrejesho: Yakobo kapendwa, Esau kachukiwa?

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza hivi: kama Mungu anawapenda watu wote, mbona Warumi 9:13 inasema alimpenda Yakobo akamchukia Esau, tena hata kabla hawajazaliwa?

Aliyenielekeza Malaki, ubarikiwe. Kumbe Rebeka, mama yao, alipokuwa mjamzito aliambiwa tu kwamba mkubwa atamtumikia mdogo (Mwanzo 25:23). Hayo ya kuchukia yanatoka Malaki 1, karne nyingi baadaye, na yanazungumzia taifa la Edomu, yaani uzao wa Esau.

Kisha nikasoma Warumi 9 hadi 11 kwa mkupuo mmoja, maana siku zote nilikuwa naishia sura ya 9. Nikakutana na 11:32: ili awarehemu wote. "Wote" ni kila mtu, au ni Wayahudi pamoja na Mataifa? Hapo bado nimekwama. Wakalvini (wanaosema Mungu ndiye huchagua atakaowaokoa) na Waarminio (wanaosema kila mtu anaweza kuipokea au kuikataa neema) walivutana hadi Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, 1618–1619, sembuse mimi.

Ila Mwanzo 33 imenikalisha kimya. Esau anakimbia kumlaki ndugu yake aliyemdhulumu, anamwangukia shingoni, wanalia. Huyo ndiye "aliyechukiwa"!

Jana usiku nimeomba. Nilikuwa nimeacha tangu siku ile nilipouliza.