Ukoo wa Busia: Swaleh na mwezi wa mashindano

*Jumapili*

Baba Mdogo Hamisi, 19:02
Assalaam alaikum ukoo. Nimeangalia yale matokeo ya mbio za baiskeli aliyotuma Zaituni. Nimeshuka mpaka chini, nikapanda tena. Jina la Swaleh liko mwisho kabisa na halina namba. Vipi?

Zaituni, 19:04
Waalaikum salaam Baba Mdogo. Hakumaliza.

Shangazi Mwajuma, 19:04
Ameanguka??? Banange

Zaituni, 19:05
Hajaanguka Shangazi. Nimeongea naye sasa hivi, ametoka kuoga, anakula. Mzima kabisa.

Nyanya, 19:09 (sauti)
Alhamdulillahi. Kama mzima, mengine yatazungumzwa. Zaituni, mwambie ale vizuri.

Baba Mdogo Hamisi, 19:12
Mama, nami nashukuru Mungu. Ila hapa stejini kwa bodaboda niliwaambia vijana wote kwamba leo mtoto wetu anakimbia Ubelgiji. Wameweka simu juu ya tangi la pikipiki, wamemwona yuko mbele kabisa anavuta kundi zima, tukapiga kelele mpaka malori ya foleni yakageuka. Halafu kilomita za mwisho hayupo. Kesho niwaambie nini?

Rajabu Kampala, 19:20
Baba Mdogo, waambie hivi. Mwaka 2025 tarehe 28 Septemba nilikuwa Kigali kwenye Mashindano ya Dunia ya baiskeli, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Kilomita 267.5, kupanda na kushuka tu. Walioanza walizidi 150. Waliomaliza ni 30.

Rajabu Kampala, 19:22
Nilisimama Kimihurura kwenye ule mlima wa mawe. Kila mzunguko kundi linarudi limepungua. Watu wanaoshinda mbio kubwa Ulaya nimewaona wanashuka kwenye baiskeli wanakaa chini, macho yamewaingia ndani. Hakuna aliyewazomea. Wanyarwanda waliwapigia makofi wote.

Baba Mdogo Hamisi, 19:23
30 tu?

Rajabu Kampala, 19:23
30. Wa kwanza Pogačar wa Slovenia.

Shangazi Mwajuma, 19:26
Mimi swali langu ni la tumbo. Asipomaliza wanamlipa?

Swaleh, 20:41
Waalaikum salaam wote. Nilikuwa mezani, simu iko chumbani. Shangazi, nalipwa kwa mwezi, si kwa nafasi. Sio pesa nyingi ila inaingia. Zawadi ya mbio ikipatikana tunagawana timu nzima, hata aliyeshuka njiani anapata fungu lake.

Swaleh, 20:43
Baba Mdogo, swali lako la stejini nitalijibu vizuri maana mwezi huu wote ndio kazi yangu. Nipe muda niandike.

Swaleh, 21:10
Huku upepo ndio mlima. Nchi tambarare, mashamba matupu, hakuna mti wa kukukinga. Ukiwa nyuma ya mwenzako gurudumu kwa gurudumu unatumia nguvu kidogo sana kuliko yeye, kama theluthi nzima unaiokoa, na ndani ya kundi kubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu anayetegemewa kushinda hatakiwi kuuona upepo hata mara moja kabla ya mwisho. Kwetu ni kapteni wetu, Mholanzi, ana mbio za mwisho kali sana. Sisi wengine wote tunauona upepo kwa niaba yake.

Leo upepo ulitoka kushoto. Ukitoka ubavuni hivyo, kumfuata mtu kwa nyuma hakukusaidii. Lazima ukae pembeni yake kulia, nyuma kidogo, na mwingine kulia kwako, hivyo hivyo mnajipanga mshazari mpaka barabara inaisha. Barabara ikibeba watu 15, basi ni 15. Wa 16 anabaki ukingoni karibu na mtaro, hana kinga, anapigwa na upepo mzima. Nyuma yake wanajipanga wengine mstari mmoja, wote wanateseka, na hapo ndipo kamba inakatika.

Sasa kila timu inajua kona itakayoleta upepo huo. Kilomita 5 kabla, watu 160 wanataka kuingia kona hiyo wakiwa 15 wa mbele. Ni mabega na viwiko. Mkuu wa timu alinipa kazi moja: kabla ya kona ile kapteni awe ndani ya 10 wa mbele. Ndipo mliponiona navuta. Nilitoka nyuma kabisa upande wa upepo, yeye yuko kwenye gurudumu langu, nikampandisha mpaka nafasi ya sita. Tukakata kona. Nikavuta tena mpaka miguu ikakataa. Nikapisha pembeni, nikaona lile kundi la mbele limeshakatika na yeye yumo.

Mimi nikarudi nyuma, kundi la pili likanipita, la tatu likanipita. Mwisho likaja gari linalofagia waliochoka, nikapanda. Kapteni amekuwa wa nne.

Baba Mdogo Hamisi, 21:18
Nimesoma mara mbili.

Baba Mdogo Hamisi, 21:19
Babu yako miaka ile anabeba abiria kwa baiskeli baina ya geti la Kenya na la kwetu Uganda, jioni upepo ukivuma walikuwa wanapokezana kwenda mbele. Kijana mwenye nguvu anatangulia, wazee wanafuata. Nilikuwa mdogo, nilidhani ni heshima tu.

Swaleh, 21:21
Ndiyo yenyewe Baba Mdogo. Alijua.

Rajabu Kampala, 21:24
Na kubeba chupa za maji?

Swaleh, 21:27
Chupa ndio kazi ya nusu ya kwanza. Unashuka mpaka gari la timu, unajaza jezi mgongoni, ndani ya shingo, kila mahali. Chupa 8 za nusu lita ni kilo 4, na baiskeli yenyewe kwa sheria haitakiwi kupungua kilo 6.8. Halafu unawapandia wenzako wakiwa mwendo wa 45 kwa saa. Ukifika juu unagawa zote. Ya mwisho ndio yako.

Nyanya, 21:35 (sauti)
Swaleh mjukuu wangu. Hayo ya upepo nimesomewa, nimefurahi, kazi ya kubeba wenzako ina thawabu. Sasa niambie. Ramadhani iliyopita ulifungaje na hizo kilomita? Na unakula nini huko?

Swaleh, 21:44 (sauti)
Shikamoo Nyanya. Siku za mbio sikufunga. Nilimuuliza sheikh hapo msikitini kabla ya kusafiri, akasema msafiri ana ruhusa na siku nitazilipa. Nimeziandika zote kwenye daftari, nikirudi nitazilipa, tena tutafunga pamoja ukipenda. Siku za mapumziko nilifunga, na futari nilikula na familia moja ya Wamoroko jirani na nyumba ya timu, walinifanya mtoto wao.

Chakula sasa. Kwenye baiskeli ni lazima nile kila nusu saa, hata kama sina njaa, hata kama moyo unakataa. Wanga gramu 90 kila saa, wengine wanafika 120. Usipokula, saa ya tatu mwili unazima, unaona barabara inacheza. Mama anayetuhudumia, anayetukanda miguu jioni, asubuhi anapika wali laini, anautia sukari na jibini laini, anaubana kwenye sinia, ukipoa anakata vipande na kufunga kwa karatasi ya fedha. Mara ya kwanza nilipoonja nilikukumbuka wewe na mkate wa sinia. Nilimwambia aweke iliki. Sasa timu nzima inakula wali wa iliki.

Nyanya, 21:50 (sauti)
Na nazi! Mwambie atie tui. Wali mtamu bila tui ni wa hospitali.

Shangazi Mwajuma, 21:51
😂😂 Mama

Zaituni, 21:53
Nitakutumia kipimo cha Nyanya, umpelekee.

*Jumatano*

Swaleh, 20:15
Leo mbio za kijiji. Zipo karibu kila siku huku, kijiji kina sherehe yake na lazima baiskeli zipite. Mzunguko mmoja kama kilomita 8, unazungukia hapo hapo mara 14 mpaka unajua kila mbwa. Namba ya mgongoni unaichukulia baani, Nyanya usiogope nilikunywa chai. Wazee wamejaa, wanajua jina la kila mkimbiaji, hata langu walilijua.

Swaleh, 20:18
Nimemaliza. Wa 31. Leo kapteni alipumzika, tukaachiwa kila mtu ajaribu. Nilichomoka na watu sita, tukakaa mbele mizunguko mitatu, wakatushika.

Baba Mdogo Hamisi, 20:20
MIZUNGUKO MITATU MBELE. Naipeleka stejini sasa hivi.

Zaituni, 20:22
Miguu?

Swaleh, 20:25
Miguu ni mizito dada. Hii ni wiki ya tatu, mbio Jumapili, Jumatano, Ijumaa, Jumapili. Kinachochosha sio mbio peke yake. Ni kuamka kwenye hoteli usiyoijua, kukaa kwenye gari kwa saa tatu, jezi bichi, kuosha cheni, kulala mapema na usingizi hauji kwa sababu moyo bado unakimbia. Kesho tunazunguka taratibu kwa muda wa saa moja na nusu, kahawa, basi. Kupumzika ni amri, anayejizidishia anagombezwa.

Rajabu Kampala, 20:31
Umepanda ile Paterberg, kilima cha mawe cha huko?

Swaleh, 20:36
Jana, mazoezi. Haifiki mita 400, ila pana sehemu asilimia 20 na ni mawe matupu. Nilijiona mtu wa Kapchorwa, milimani kwetu Uganda, nikaingia kwa mbwembwe. Kapchorwa unapanda saa nzima ukiwa umekaa, unapumua. Hii ukisimama tu gurudumu la nyuma linateleza kwenye mawe, ukikaa miguu inawaka. Wenzangu wa hapa wanaelea juu yake. Ni ufundi, nitaujua. Kila nikipita barabara hizi namfikiria Biniam Girmay wa Eritrea. Machi 2022 alishinda Gent-Wevelgem, mbio kubwa za hapa Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza. Miaka miwili baadaye akashinda hatua 3 za Tour de France na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Wazee wa baani wananiuliza kama ni ndugu yangu. Nasema Eritrea ni mbali na Busia, ila ndiyo, ni ndugu yangu.

Baba Mdogo Hamisi, 20:40
Umejibu vizuri sana.

*Jumamosi*

Swaleh, 18:05
Habari. Mkuu wa timu ametaja majina ya mbio za siku 5 wiki ijayo. Tunakwenda sita. Nimo. Kapteni ndiye aliyeniomba, kwa sababu ya ile kona.

Shangazi Mwajuma, 18:05
Allahu akbar 🙏🏾🙏🏾

Zaituni, 18:06
💃🏾💃🏾💃🏾

Rajabu Kampala, 18:09
Viza itatosha?

Swaleh, 18:11
Itatosha. Ni siku 90, nikimaliza hizo tano bado nina wiki mbili. Ndio nitarudi.

Nyanya, 18:20 (sauti)
Mungu akulinde na mitaro ya huko. Huyo Mholanzi mwambie nyanya yake wa Busia anamwombea naye.

Baba Mdogo Hamisi, 18:24
Swaleh, vijana wa stejini wanauliza saa. Na safari hii nimewaeleza mapema: msimtafute mwisho, mtafuteni kabla ya kona.

Swaleh, 18:27
Zinaanza saa sita mchana ya huku. Kesho saa za huku zinasogezwa mbele, kwa hiyo kwenu itakuwa saa saba, si saa nane kama mlivyozoea. Siku ya kwanza na ya pili ni tambarare, upepo upo. Nitavaa soksi nyeupe ndefu mnione.

Zaituni, 18:28
Nani ana bando? Tuchange leo, tusihangaike siku yenyewe.

Baba Mdogo Hamisi, 18:29
La stejini nalinunua mimi.