Betri nene ya mAh 10000 kwenye Galaxy Note 4: je, inastahili uzito wake?

Bwana Shamba
Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni afisa ugani wilayani Mbozi, na siku nne za kila juma huwa kwenye mashamba ya kahawa kwa pikipiki, mahali ambapo nyumba nyingi hazina umeme. Simu yangu ni Samsung Galaxy Note 4, ile ya mwaka 2014 ambayo mfuniko wake wa nyuma hufunguka kwa ukucha. Ndiyo ninayopigia picha za majani ya mibuni yenye kutu, ninayopimia mipaka ya mashamba kwa GPS na ninayojazia fomu. Betri yake ya kawaida ya mAh 3220 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri kuhifadhi chaji), ingawa niliibadilisha mwaka jana, haifiki saa nane mchana. Sasa nimeona inauzwa betri nene ya mAh 10000, inayokuja na mfuniko wake wenye kibiongo pamoja na kava la mpira. Simu itakuwa kama tofali, hilo nalijua. Je, kuna aliyeishi na tofali hilo, au ninunue tu pawabenki?

Fundi wa Kona
Ndugu, mimi ni fundi wa simu, na nitaanza na hesabu kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Betri iliyomo ndani huipa simu umeme moja kwa moja, ilhali pawabenki hulazimika kwanza kuupandisha umeme kutoka volti 3.7 za seli zake hadi volti 5 za waya wa USB, kisha simu nayo huushusha tena ili kuchaji betri yake, na katika safari hiyo sehemu ya nguvu hupotea kama joto. Ndiyo maana pawabenki iliyoandikwa mAh 10000 huifikishia simu takriban theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Kwa hiyo mAh 10000 za mgongoni ni nyingi kuliko zile za mfukoni, iwapo ni za kweli.

Hapo ndipo penye shida, kwa sababu betri hizi hazitengenezwi na Samsung, na kila mtu huandika lebo apendavyo. Tafuta mizani ndogo, upime betri yako ya kawaida, kisha upime hiyo nene: yenye uwezo mara tatu lazima ikaribie uzito mara tatu, na ikizidi kidogo tu, basi umeuziwa plastiki. Tena, kwa chaja ndogo ya ampea 1, betri kubwa kiasi hicho haijai chini ya saa 8, hivyo kwenye banda la kuchajisha simu utaiacha kutwa nzima.

Dereva wa Vumbini
Nilitumia betri ya aina hiyo kwa karibu miaka miwili nikiendesha bodaboda, na ningeinunua tena. Wanaosifu pawabenki hawajawahi kupita kwenye makorongo huku waya ukichezacheza kwenye tundu la chaji. Langu lililegea ndani ya miezi mitatu. Kero zilikuwepo: mfuko wa suruali ulitoboka, na kishikio cha kwenye usukani hakikuweza kuibana. Ila uchunguze mfuniko. Siku wangu ulipokataa kufunga nilidhani umepinda, kumbe betri ilikuwa imevimba, nikaitoa saa ile ile.

Mwalimu wa Sayansi
Mimi nashangaa kwamba hakuna aliyetaja betri za akiba. Mwenye simu inayofunguka ana bahati ambayo Samsung waliiondoa kwenye Galaxy S6 mwaka 2015: anaweza kubeba betri mbili za kawaida mfukoni na chaja ya kobe nyumbani, ile inayobana betri iliyotolewa kwenye simu, na simu ikabaki nyembamba. Isitoshe, inayomaliza chaji mashambani mara nyingi si kamera, bali ni simu inayotafuta mtandao usiokuwepo. Iweke katika hali ya ndegeni. GPS hupokea tu mawimbi ya setilaiti, hivyo itaendelea kufanya kazi, ingawa itachelewa kidogo kujua mahali ulipo mara ya kwanza.

Bwana Shamba
Nawashukuru sana. Jana nilifuata ushauri wa Mwalimu, na saa kumi na moja jioni simu ilikuwa bado na asilimia 31. Kwa hiyo nitanunua betri mbili za kawaida na kobe. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi hulala kijijini siku tatu mfululizo, na kwa safari hizo ile nene bado inanivuta. Dereva, kava lake lilizuia vumbi?

Dereva wa Vumbini
Lilizuia vizuri. Ila livue unapochaji usiku, kwa sababu simu hupata joto sana ndani yake.