Kundi: Ukoo wa Makambako – Meza ya Marehemu

Da Rehema 19:04: Wapendwa, habari za jioni. Mwenye fremu anataka grosari ya marehemu iwe tupu Jumamosi saa sita mchana. Friji na viti vimeshaondoka. Imebaki meza ya puli. Nani anaichukua?

Da Rehema 19:31: Naona tiki za bluu tu.

Utingo 19:33: Shikamoo dada. Isitoke kabla sijaiaga 😂

Da Rehema 19:34: Marahaba. Iage kwa elfu ishirini. Chini ya kile kitambaa kuna jiwe zima, nahitaji vijana sita na gari.

Utingo 19:36: Mnamkumbuka yule Mashoto? Anashuka kwenye semitrela ya Tunduma na kandambili zake, anauliza eti nyeusi inaingia mwanzo au mwisho. Analaza sarafu ukingoni kama mshamba, anakubali kufungwa mechi tatu za soda.

Mama Tuma 19:37: Ya nne dau likawa laki.

Utingo 19:37: Na fimbo ikahamia kushoto 🙌

Da Rehema 19:40: MICHANGO jamani.

Shem Kilolo 19:52: Mimi nilikuwa nasimama pembeni namwangalia. Kabla ya kucheza alikuwa anausukuma mpira mweupe polepole kuelekea shimo la dirishani, aone unakata kona wapi. Sakafu ile imeinama, wenyeji tulikuwa hatujui. Halafu mweupe wa meza ile ni mdogo kuliko mingine, ndiyo maana ukitumbukia unarudi kwa njia yake. Ni mwepesi, anayejua anaurudisha nyuma anavyotaka. Jamaa alikuwa fundi kwelikweli.

Da Rehema 19:53: Asante Shem. Elfu ishirini?

Shem Kilolo 19:58: Mwisho wa mwezi dada.

Kadogo 20:01: [stika: mbuzi kashika fimbo ya puli]

Da Rehema 20:01: Kadogo!

Kaka wa Illinois 20:40: Samahani, nilikuwa naendesha. Juzi nimepita Johnston City, kusini mwa jimbo hili. Kamji kadogo, ila ndugu wawili, George na Paulie Jansco, walianzisha mashindano ya puli pale 1961, wacheza kamari wa Marekani nzima wakawa wanajazana kila mwaka. Hela yenyewe ilikuwa inatembea usiku, mashindano yakishafungwa. 1972 maofisa wa serikali kuu wakavamia, ikawa basi. Minnesota Fats naye, yule mcheza puli maarufu, jina lake halisi Rudolf Wanderone, alikaa Dowell, hapo jirani. Domo lile! Wengine walimzidi kwa fimbo, kwa domo hakuna.

Utingo 20:44: Wote biashara yao moja, wahi kuondoka kabla hujajulikana. Pale kwetu njia panda, gari za Dar, Mbeya, Songea, kila usiku mifuko mipya.

Mama Tuma 20:51: Njia panda siyo shida. Nani alimnong'oneza Mashoto kwamba baba Tuma ametoka kuuza mahindi? Ile laki ilikuwa ada ya shule. Na mtu huyo yumo humu.

Utingo 21:15: Mama Tuma, hayo tuliyamaliza msibani.

Mama Tuma 21:16: Mliyamaliza ninyi.

Kadogo 21:17: Kwani Mashoto yumo kwenye kundi? 👀

Da Rehema 21:18: Kadogo weka simu chini. Jamani, JUMAMOSI.

Baba Mkubwa 21:48: Nimesoma yote. Marehemu alirudisha nusu ya hela ile kwa mkono wake, akaipiga meza kufuli mwaka mzima. Nusu nyingine ilikuwa ya kijana aliyepewa chochote na yule mgeni. Meza haiuzwi wala haiendi kwa mtu mpaka kijana huyo akae na Mama Tuma mbele yangu.

Da Rehema 22:10: Shikamoo Baba. Tumesikia.

Shem Kilolo 22:12: Shikamoo Baba.

Kaka wa Illinois 22:20: Shikamoo Baba. Gari nalipa mimi. Ishushwe kwako kwanza.

Utingo 22:47: Shikamoo Baba. Jumapili nitakuwa Makambako.

Mama Tuma 22:48: Njoo nayo mkononi.

Da Rehema 22:50: Jumapili?? Fremu ni Jumamosi saa sita! Vijana sita nawatoa wapi?

Shem Kilolo 23:26: Turubai ninalo.