Dawa ya viluwiluwi: ya kemikali au ile ya bakteria ya Kibaha?

Mkulima_Bonde: Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua dawa ya viluwiluwi wa mbu kabla masika hayajakolea. Muuza pembejeo ananipa temefosi, ile ya kemikali, shemeji anasisitiza ile ya bakteria inayotengenezwa Kibaha. Nichukue ipi? Nina watoto wadogo.

Afya_Mtaa: Mkuu, hujasema maji gani. Ya kunywa, ya bwawa au ya choo? Kuna samaki? Mbu wanauma mchana au usiku?

MamaPerege: Kemikali achana nayo! Jirani yetu wa bondeni aliita kijana wa dawa, akaja na chupa isiyo na lebo, akamimina kwenye dimbwi bila kupima. Hatukuambiwa. Asubuhi perege wote wanaelea matumbo juu, na bata walioshuka kunywa wakaanza kuyumba, shingo zimelegea. Tulikuwa tunawalea perege wale kwa ajili ya kuuza Idi. Kijana simu hapokei mpaka leo. Na perege wenyewe ndio waliokuwa wanakula viluwiluwi!

Chanika_Boy: Pole sana mama. Lakini hiyo haikuwa temefosi kwa lazima, pengine ni dawa ya nyanya. WHO wanaruhusu temefosi hata kwenye maji ya kunywa, isizidi miligramu 1 kwa lita. Tatizo ni mkono unaomimina.

Afya_Mtaa: Kweli, ila temefosi inashambulia neva, na haichagui mbu peke yake, wadudu wengine wa majini wanaondoka nao. Bti, yaani ile ya bakteria, lazima kiluwiluwi aimeze, ndipo sumu ipasue utumbo wake. Samaki na bata haiwadhuru. Upungufu wake: pupa, yaani kiluwiluwi anayekaribia kuwa mbu, hali chakula, kwa hiyo haimuui. Ndiyo maana unarudia, kwenye maji ya wazi kama kila wiki.

Mkulima_Bonde: Samahani kwa kuchelewa. Ni bwawa la kumwagilia mchicha, pipa la maji ya kufulia, na shimo la choo. Samaki sina. Wanauma usiku, na mchana pia.

Afya_Mtaa: Sasa tunaongea! Wa mchana huenda ni Aedes, wa dengue, anazaliana kwenye pipa. Lifunike, lisugue kuta kila wiki maana mayai yanaganda pale. Bwawani weka Bti ya Kibaha (jina la dukani Bactivec). Shimoni Griselesf, ya bakteria wengine, nayo ya Kibaha, inastahimili maji machafu zaidi, ila mbu wanaweza kuizoea. Fuata kipimo cha lebo.

Mzee_Makunduchi: Shimo halihitaji dawa. Kwetu Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vilimwagiwa punje nyeupe za povu la plastiki. Zikatanda juu ya maji, kiluwiluwi akakosa pa kuvuta pumzi. Watu wakapewa na dawa za matende. Mbu walipungua kweli.

Chanika_Boy: Mzee, shimo likifurika na mvua si punje zinaondoka zote?

Mzee_Makunduchi: Likifurika hata dawa yako inaondoka, mwanangu.

MamaPerege: Mkulima, weka perege bwawani!

Mkulima_Bonde: Bwawa hukauka Agosti, mama. Halafu kuna gereji nyuma ya ukuta, matairi yamejaa maji. Mwenyewe anasema hayamhusu.

Afya_Mtaa: Hapo hata Bti pipa zima haitakusaidia. Peleka kwa mwenyekiti wa mtaa, omba na bwana afya aje.

Chanika_Boy: Mwenyekiti wetu naye ana matairi. Nani ana namba ya bwana afya wa kata anayepokea simu?